Jiunge Ukishaumwa: Mwongozo kwa Mgeni wa Bima ya Afya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina moja tu: mwenye afya njema, anayejitegemea kwa kipato, asiye na mwajiri wa kumkata, ambaye siku moja ameamka akasema, "Mwaka huu lazima nikate bima." Watu hawa wapo, ingawa ni wachache, na wengi wao hawajui wanaingia wapi. Wengine hawahitaji mwongozo. Mgonjwa anajua anachokitaka, na mtumishi wa umma hakuulizwa.

Usiwe na haraka

Kosa kubwa la mgeni ni kukata bima akiwa mzima. Mwaka ukiisha anakaa na kuhesabu: nimelipa, sikuumwa, hela yangu iko wapi? Jirani hakulipa, na yeye pia hakuumwa, tena ameongeza bati kumi kwenye nyumba yake. Basi ipo busara ya mtaani ambayo hakuna aliyeisomea lakini kila mtu anaifuata: subiri. Subiri kikohozi kisipokwisha. Subiri daktari anyamaze kidogo kuliko kawaida akiangalia picha ya ultrasaundi. Mkeo akishapata ujauzito, hapo ndipo uulizie ofisi za bima ziko mtaa gani. Ukifika dirishani, simama wima na usikohoe kwenye foleni.

Fomu inaweza kukuuliza kama una maradhi ya kudumu. Hapa mgeni aliyelelewa vizuri huingia matatani. Kampuni binafsi nyingi huuliza kwa undani: presha, kisukari, pumu, umewahi kulazwa lini na kwa sababu gani. Ukisema kweli utapandishiwa bei, au utaambiwa kwa upole kwamba ugonjwa huo haumo. Ukidanganya utalipa bei ya mzima mpaka faili lako la zamani litakapofukuliwa, nalo hufukuliwa siku bili inapokuwa kubwa. Mifuko ya umma huona aibu zaidi kuuliza, kwa kuwa iliundwa isimbague mgonjwa. Ndiyo maana kila mwenye lake la moyoni hupenda kuanzia huko.

Usidhani hii ni hila ya Waswahili. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyokwisha tumika: muuzaji anajua gari ni bovu, mnunuzi hajui, basi mnunuzi hutoa bei ya wasiwasi, na mwenye gari zima akiiona bei hiyo hulirudisha lake nyumbani. Sokoni yanabaki mabovu. Ndani ya makala hiyohiyo aligusia wazee wa Marekani waliovuka miaka 65 na taabu yao ya kupata bima ya matibabu. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla ya kuchapishwa. Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwenye bima mambo yamegeuzwa: anayejua ubovu ni mnunuzi, yaani wewe, na anayebahatisha ni mwenye duka.

Hesabu isiyobandikwa dirishani

Tuchukue mfano wa kubuni, watu kumi wa mtaa mmoja. Tisa ni wazima, na kila mmoja hutibiwa kwa shilingi 20,000 kwa mwaka: malaria, jino, tumbo. Wa kumi ana figo zinazolegalega na hutibiwa kwa 820,000. Jumla ni milioni moja. Wakichanga sawa, kila mmoja anatoa 100,000, na hapo hatujahesabu kodi ya ofisi wala mshahara wa karani.

Wazima watatu wakakaa wakaona kwamba wanalipa 100,000 ili watibiwe kwa 20,000. Wakatoka. Waliobaki saba wanagawana 940,000, na mchango unapanda hadi 134,000 na ushee. Watatu wengine nao wakafunguka macho, wakatoka. Wamebaki wanne na 880,000, kila mmoja 220,000. Wazima watatu wa mwisho, ambao pengine ni watu wa dini sana, wanavumilia mwaka mmoja kisha wanatoka. Amebaki mwenye figo na mchango wake wa 820,000, yaani bili yake mwenyewe pamoja na kadi yenye picha.

Hakuna mwizi katika hadithi hii, wala hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alifanya hesabu ya nyumbani kwake, na hesabu ilikuwa sahihi. Lakini angalia nani alilipa nini kwa kila hatua. Waliotoka mapema hawakulipa kitu tena. Waliochelewa kutoka walilipa zaidi kila mwaka, kwa sababu ya moyo mzuri au uzembe. Mwenye figo alilipiwa mwanzoni, mwisho akaachiwa yote. Na mwenye mfuko, ambaye kila mtu anamlaumu, alikuwa anapitisha tu hela mkono kwa mkono.

Jinsi ya kumtambua anayekulipia

Ukishaingia kwa kuchelewa, adabu inataka umjue mfadhili wako. Tanzania humpati kwa urahisi, maana hajui kama yeye ni mfadhili. Ni mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kazi mwaka 2001, mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 24,000 kabla hajauona. Akipenda asipende, akiumwa asiumwe. Katika ule mfano wa watu kumi, huyu ndiye mzima ambaye mlango wake umefungwa kwa nje.

Kwa hiyo, mfuko uleule ulipoanza kuwapokea watu wa hiari, kila aliyekuja akiwa tayari mgonjwa alikaribishwa kwenye kapu ambalo wa kwanza kulijaza alikuwa mtu asiyeweza kutoka. Huyo ndiye jibu la kwanza la swali la nani anabeba gharama: hubebeshwa asiye na pa kukimbilia.

Usimlilie sana lakini. Yeye naye ana lake. Angalia mezani kwa mwalimu mwenye fomu mpya. Utaratibu unamruhusu kuandika mwenza na wategemezi wanne, na nafasi hizo nne zinagombewa na watoto, wazazi wake na wakwe. Fomu iko katikati ya meza, kalamu imelazwa juu yake, chai inapoa. Mtoto wa kwanza yuko bweni, hajaumwa tangu surua. Wa pili ni mafua tu. Mama mzazi ana presha na anameza vidonge vya aina mbili kila asubuhi, kimoja kikiwa cha bei. Baba mkwe ametoka kwenye upasuaji wa tezi dume na bado anarudi kliniki. Mama mkwe hana ugonjwa wowote, ila akiachwa atakuwa nao. Mume anasema watoto kwanza. Mke anauliza, "Na baba yangu?" Kikao kikiisha, majina yanayopata wino ni ya wale wenye makaratasi mengi ya hospitali, na mtoto wa bweni ataombewa.

Serikali haikumtuma mtu kuchagua wagonjwa. Familia imechagua yenyewe, kwa upendo.

Toto Afya, au somo la shilingi 138

Hapa mgeni akae chini, maana mfano bora kuliko huu katika nchi yetu haupo.

Mwaka 2016 NHIF ilileta Toto Afya Kadi. Mtoto wa chini ya miaka 18, shilingi 50,400 kwa mwaka. Ni 4,200 kwa mwezi, au 138 kwa siku, kiasi ambacho hakifiki nusu ya nauli ya daladala. Mzazi hakuhitaji ajira wala kikundi. Mtoto alisajiliwa yeye kama yeye.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama lishe mwenye watoto wanne. Mmoja ana selimundu, ugonjwa ambao inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka: maumivu ya mifupa usiku, kuongezewa damu, kulazwa. Watatu wengine wanacheza mpira. Wote wanne ni shilingi 201,600, na hela iliyopo kwenye kibubu ni 60,000. Utamkatia nani? Huhitaji shahada ya uchumi kujibu. Mamilioni ya wazazi wangejibu hivyohivyo, na waliofika dirishani walijibu hivyo.

Mwezi Machi 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmojammoja. Watoto wakatakiwa waje kupitia shule, wakiwa wengi kwa pamoja, au ndani ya kifurushi cha familia. Maelezo yakatolewa kwamba waliokuwa wanajiunga wengi wao walikuwa tayari wagonjwa, na matibabu yao yamezidi michango mara nyingi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni na lawama zilizoanza kutembea baada ya hapo, kwamba wazazi ndio wameuangusha mpango. Mama aliyempeleka mwanawe mwenye selimundu hakuvunja sharti lolote. Mezani palikuwa na bei moja, kwa hiari, mtoto mmojammoja, bila muda wa kungoja. Aliyepanga meza hivyo alikuwa ameshawachagua wagonjwa kabla mzazi yeyote hajafika.

Tena fuatilia gharama ilivyohama. Hadi siku ile walikuwa wanaibeba wachangiaji wa lazima bila kujua. Kuanzia siku ile ikahamia kwa mtoto ambaye alikuwa bado hajagundulika. Aliyeingia mapema na ugonjwa wake alikuwa amebahatika. Aliyezaliwa baadaye na ugonjwa uleule aliambiwa aje na shule. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, shule gani? Kifurushi cha familia kwa mama lishe kilikuwa ni jina tu la kitu cha watu wengine. Kadi ya watoto ilirejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya, ila ugonjwa wa mtoto hausubiri mwaka wa fedha.

Kwa hiyo kaa ukijua: bima inapojilinda dhidi ya wanaochelewa, haimpigi aliyechelewa. Huyo ameshatibiwa. Inampiga anayekuja nyuma yake.

Mfuko unapokujibu

Usitegemee kwamba karani atabaki anatabasamu. Kila mfuko hatimaye hujifunza, na silaha zake si nyingi.

Ya kwanza ni kungoja. Kampuni nyingi hazilipii uzazi mpaka kadi yako imalize miezi mingi, maana wanajua hesabu ya ujauzito kama mkunga anavyoijua. Kenya, mwanzoni mwa 2020, NHIF yao ilitangaza kwamba mwanachama mpya wa hiari alipe mwaka mzima kwa mkupuo na asubiri siku 90. Ni dawa nzuri kwa mjanja. Kwa kibarua anayepata hela kwa siku, kuambiwa atoe ya mwaka mzima ni sawa na kuambiwa asije.

Ya pili ni kundi. Njooni wengi, wasiokusanywa na ugonjwa: wafanyakazi wa kampuni moja, wanafunzi wa shule moja, wakulima wa chama kimoja cha ushirika. Wazo ni zuri kabisa, mpaka vinapozaliwa vikundi vyenye mwenyekiti, katibu, mhuri na katiba ya kurasa mbili, ambavyo wanachama wake walikutana mara ya kwanza kwenye foleni ya maabara.

Ya tatu ni kaya nzima, na hii ndiyo ninayoiona ya haki kuliko zote. Bima ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilichukua shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kwa hiyo mgonjwa alikuja na watano wa kumsindikiza. Rwanda walikaza zaidi kwenye mutuelle, bima yao ya jamii: kaya ilipe mchango wa watu wake wote, la sivyo hata aliyelipiwa hatibiwi. Ni sharti kali, na mwenye watoto saba ana haki ya kulinung'unikia. Lakini angalau halimfungii mtoto mlango kwa kuwa anaumwa.

Ya nne huioni mpaka siku ya kuumwa, nayo ni kupunguza kilichomo. Kadi ni ileile, rangi ileile, ila dawa uliyozoea "haipo kwenye bima", na kipimo kinahitaji kibali. Tarehe 1 Machi 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya chenye bei mpya za huduma. Hospitali binafsi zikasema bei hizo haziwezi, baadhi zikasitisha huduma kwa wenye kadi, na wagonjwa wakasimama mapokezi wakisoma tangazo lililobandikwa kwa selotepu. Sitaki kusema yote yale yalitokana na waliojiunga wakiwa wagonjwa, maana kwenye madai ya hospitali nako kulikuwa na maneno yake. Ila mfuko ukishapungukiwa hutafuta pa kubana, na aliye karibu na mkono wake ni mwenye kadi.

Basi walazimishwe wote

Mgeni mwerevu atasema dawa ni moja: kila mtu aingie kwa nguvu, mzima na mgonjwa, tajiri na maskini. Ni kweli, na nchi nyingi zimefika hapo. Shida ni kumkamata huyo "kila mtu".

Muswada wa kwanza wa Bima ya Afya kwa Wote, uliosomwa bungeni mwaka 2022, ulikuwa na ubunifu wa pekee. Kaya ya watu sita ingechangia 340,000, na asiye na bima angekwama akitaka huduma nyingine kama leseni ya udereva, TIN au laini ya simu. Kelele zikawa nyingi, muswada ukarudishwa jikoni, na sheria ikapitishwa Novemba 2023. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka ile habari ya laini ya simu. Hata hivyo, aliyeliandika sharti lile alikuwa ameona tatizo lilipo: muuza nyanya hana hati ya mshahara, utamkata wapi?

Kenya wanalijibu swali hilo kwa vitendo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF yao, inakata asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo. Chini ya NHIF hiyo, mwenye mshahara wa shilingi 100,000 za Kenya alilipa 1,700, na mwenye 500,000 alilipa hiyohiyo 1,700. Sasa wa kwanza anatoa 2,750 na wa pili 13,750. Kwa usawa wa mwenye nacho na asiye nacho, hiyo ni hatua, na sioni sababu ya kumwonea huruma bwana wa nusu milioni. Upande wa pili yupo mama mboga, ambaye anapimwa uwezo wake kwa maswali ya paa na sakafu ya nyumba, anatajiwa kiasi, kisha anatakiwa kulipa cha mwaka mzima. Akiwa mzima anajiandikisha na kuishia hapo. Akiumwa analipa. Kwa maneno mengine, lazima imemkamata aliyekuwa ameshakamatwa tangu mwanzo, na hiari imebaki palepale ilipokuwa, isipokuwa sasa ina jina la lazima.

Usipopata nafasi ndani

Wengi wa wasomaji hawatafika dirishani kabisa, kwa hiyo sehemu hii ndiyo watakayoitumia. Utaratibu wake ni rahisi kuliko fomu yoyote. Ndugu mmoja analazwa, asubuhi yake unakuta umeingizwa kwenye grupu la WhatsApp lenye jina la mgonjwa na neno "Matibabu". Usitoke. Kutoka kunaonekana, na shangazi ameshaona. Hapa hakuna muda wa kungoja, hakuna swali la maradhi ya kudumu, wala hakuna umri wa mwisho. Ugonjwa ulioanza mwaka juzi unapokelewa sawa na wa jana.

Mchango haupangwi kwa asilimia. Unapangwa kwa jinsi ulivyovaa kwenye harusi ya mwisho. Mwenye ajira hutajwa kwanza, kwa hiyo yule mwalimu aliyekatwa 24,000 kwa ajili ya bima ya wasiomjua atalipa tena hapa kwa ajili ya wanaomjua, kwa sababu nafasi zake nne zilishajaa na mjomba hakuwamo. Waliouza mbuzi watataja mbuzi. Wasio na kitu wataandika "Amina" na mikono miwili ya kuomba.

Andika ahadi mapema, na iwe ndogo kuliko uwezo wako kwa robo, maana duru ya pili ipo. Hela ikishatumwa, weka picha ya muamala kwenye grupu mwenyewe. Mweka hazina ana orodha ya safu mbili, ahadi na taslimu, anayoibandika upya kila saa mbili usiku, na asiyeonekana kwenye safu ya pili hupigiwa simu na mtu mzima.